Helmeti Isiyo na Mkwaruzo

Edinah Nakhungu alikuwa anaogopa pikipiki, na tuseme ukweli mapema ili tusisumbuane: hakuwa anaogopa kidogo. Akisikia mlio wa pikipiki nyuma yake alikuwa anatoka barabarani, anaingia kwenye mahindi ya watu na kusimama humo mpaka ipite. Watu wa Sirisia, kwao, walikuwa wamemzoea. Lakini watu wa Kwanza, ile sehemu ya nje ya Kitale alikokuwa anafanya kazi, walimcheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu huyu huyu ndiye aliyekuwa daktari wao wa ng'ombe. Mwanamke wa uso mkavu, ambaye hata fahali mkali alikuwa anamnyamazia. Kazi yake hasa ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa kwenye mtungi, na kwa kazi hiyo wakampa jina la Madam Fahali. Jina alilisikia na hakujali.

Sasa, ng'ombe akitaka dume hangoji mtu. Mkulima anapiga simu asubuhi, na ukifika jioni unakuta amenuna, ng'ombe ametulia, na mwezi mzima umepotea. Kwa hivyo mwoga huyu, jamani, alikuwa anabebwa na bodaboda karibu kila siku ya Mungu. Alikaa nyuma na mtungi wake mapajani, macho ameyafunga, midomo inacheza. Wabebaji wa Kitale walikuwa wanajua kwamba Madam akipanda hakuna stori, maana anaomba kutoka mjini mpaka kwenye boma la mkulima.

Hakuzaliwa mwoga. Alikuwa na kaka yake, Makokha, na Makokha mwenyewe alikuwa bodaboda. Mtu wa maneno matamu, pikipiki nyekundu, helmeti nyekundu ya kufanana. Ile helmeti aliipenda sana, ila kuivaa ndiyo hakupenda. Aliitundika kwenye kioo cha pembeni. Mara jua ni kali, mara wateja wanataka kumwona sura, mara ati askari wa barabarani akiiona tu anatosheka. Siku moja pale Misikhu, mchana kweupe, lori likakata kona bila kuonyesha ishara. Pikipiki ikaenda huku, Makokha akaenda kule, na kichwa kikakutana na lami. Helmeti ilirudishwa nyumbani ikiwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Mama yao, Rosaline, akaitundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba cha Makokha, na hakuna aliyethubutu kuitoa.

Lakini si helmeti iliyomharibu Edinah. Ni swali. Hospitalini daktari alimwinamia Makokha akamuuliza, "Unaitwa nani?" Makokha akamtazama vizuri, akatabasamu kwa adabu, akanyamaza, kama mtu anayengoja mwenye jina ajibu. Daktari akauliza tena. Makokha akatabasamu tena. Edinah alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda, yeye ambaye damu ameiona nyingi na utumbo wa ng'ombe ameushika kwa mikono yake, akajikuta amekaa chini kwenye sakafu.

Mpaka leo Makokha yuko nyumbani. Anakaa kwenye baraza, amevalishwa vizuri, analishwa uji kwa kijiko. Kila asubuhi kabla ya kijiko cha kwanza mama anamuuliza, kwa neno letu la kumbembeleza mtoto wa kiume, "Unaitwa nani, papa?" Makokha anatabasamu, na mama anamlisha.

Basi ukitaka kujua Edinah alikuwa anaogopa nini, si kufa. Mtu akifa watu wanakuja, wanalia, wanakula, wanarudi kwao. Alichokiogopa ni kuwekwa kwenye kiti cha pili pale barazani, aulizwe jina na akose la kusema, na kijiko kiwe kwenye mkono ule ule wa mama. Mama angewezaje wawili? Hangeweza. Hilo Edinah alilijua kama anavyojua njia ya nyumbani, na ndilo lililokuwa linamfumba macho kwenye kila pikipiki.

Siku moja alipigiwa simu kutoka mbele ya Kwanza, akapanda nyuma ya jamaa mmoja asiyemjua. Mwenda mbio huyo akalipita lori la mahindi kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika simu sikioni, anacheka na mtu, "Ai, wewe bana! Ati nini?" Tairi la lori lilipita karibu na goti la Edinah akausikia upepo wake. Alipiga kelele mpaka yule jamaa akasimama. Edinah akashuka, akakaa kando ya barabara na mtungi wake. Hapo chini kwenye vumbi ndipo akili ikamfungulia kitu. Kila siku alikuwa anaogopa akiwa nyuma, breki ameshika mtu mwingine. Kama ni kuogopa, akajiambia, heri niogope breki nikiwa nimeishika mimi.

Ndivyo mwoga mkubwa wa Sirisia alivyoenda Kitale kununua pikipiki. Cheka ukitaka.

Muuzaji aliitwa Mbogo, kijana wa shati la kupigwa pasi na mdomo usiopumzika. "Karibu Madam! Sasa wewe ni mtu wa kazi, nataka nikupatie mashine ya nguvu. Hii hapa inabeba magunia na bibi juu yake."

"Sina bibi," Edinah akasema.

"Basi bwana."

"Na huyo pia sina. Inasimama?"

Mbogo akamtazama. "Inasimama aje? Si iko na stendi?"

"Ikiwa inakimbia. Nikitaka isimame, inasimama?"

"Ai, Madam. Watu hunikujia hapa wanauliza inakimbia aje. Wewe unauliza inasimama?"

"Nimekuuliza wewe, usiniulize mimi."

Akaikalia ile ya nguvu, na vidole tu vya miguu vikagusa simiti. Ikayumba kidogo upande wa kushoto, akashuka kama aliyekalia siafu. Mbogo akamvutia nyingine, nyekundu. "Hiyo hapana," Edinah akasema. "Si hata hujaikalia?" "Nimesema hapana!" Alisema kwa sauti ambayo iliwageuza watu wa dukani, na Mbogo akairudisha nyekundu mahali pake.

Ya tatu ilikuwa ya buluu, fupi, kiti chake chini. Edinah akaikalia, na nyayo zote mbili zikalala sakafuni. Akaisukuma mbele, akaivuta nyuma. Akakaa juu yake kwa muda mrefu, na Mbogo, ambaye kunyamaza kulikuwa kunamuuma, akachuchumaa kwenye tairi la mbele akamwonyesha sahani ya chuma inayong'aa.

"Ona hapa sasa, kwa sababu wewe ni mtu wa kusimama. Hii ndiyo diski. Zile zingine breki yao imefichwa ndani ya tairi. Hii iko nje, unaiona na macho. Inabanwa hapa na hapa, ukigusa tu, umesimama. Bora tu iwe kavu. Hapo usiwache grisi ikaribie, hata kidole chako weka mbali."

Edinah akaitikia kwa kichwa. Lakini tuseme ukweli, masikio yake yalikuwa yamejaa mapigo ya moyo. Katika maneno yote ya Mbogo alibaki na moja: kusimama. Akasema, "Nitachukua hii," kisha akaomba maji ya kunywa.

Nguo za kuendeshea alizifuata Bungoma, kwa Dayawanti. Kama hujui duka la Dayawanti, ni lile la vipuri, lenye kaunta ya mbao na harufu ya mpira mpya, na mwenyewe ameketi nyuma ya kaunta na miwani puani, sari yake na sweta juu. Amezaliwa Bungoma, amezeekea Bungoma, anagombana na wateja kwa Kiswahili na anawaaga kwa Kibukusu. Mwanawe Vijay ndiye anayepanda ngazi kuteremsha vitu.

Edinah alikuwa amesuka rasta mpya wiki ile, nene, nzuri. Alipojaribu helmeti ya kwanza ikakaa juu ya rasta kama sufuria juu ya mafiga. Akasema, "Naomba kubwa kidogo."

Dayawanti akaishusha miwani. "Wewe mama, unanunulia kichwa ama unanunulia nywele?"

"Kichwa."

"Basi enda ufumue, urudi. Mimi sifungi leo, sifungi kesho."

Alikasirika, bila shaka. Rasta ni saa nyingi na maumivu mengi. Lakini alienda akafumua, akasukwa mistari midogo ya kulala kichwani, akarudi. Dayawanti akatoka nyuma ya kaunta, akamvisha helmeti ya kufunika uso wote, akaikamata kwa mikono miwili akaitikisa huku na huku. Kichwa cha Edinah kikaenda pamoja nayo. Akaivuta kwa nyuma, haikutoka.

"Inanibana mashavu, mama."

"Itakubana mashavu. Ndiyo kazi yake. Na usikie: ikigonga chini mara moja, imekwisha. Usiniletee hapa eti nipake rangi. Unanunua ingine."

Edinah akauliza kama ile karatasi ya plastiki kwenye kioo cha uso inaweza kubaki, ili kioo kisichakae. Mnajua tabia yetu, kitu kipya hatukivui nailoni mpaka kizeeke. Dayawanti aliichana yote kwa ukucha na kuitupa. Kisha likaja koti, zito, lenye mito migumu mabegani, viwikoni, na mmoja mpana mgongoni. Edinah akalivaa jinsi alivyoona bodaboda wote wa nchi hii wakivaa tangu utoto wake: kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usimpige kifua.

"Vijay!" Dayawanti akaita. "Vijay, kuja uone! Amevaa mgongo kwa matiti!"

"Si ndivyo wanavaa?"

"Wanavaa koti ya baridi hivyo. Hii si ya baridi. Sasa mgongo italindwa na nani? Na zipu?"

Vijay akacheka juu ya ngazi, na Edinah naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aanze safari hii. Akaligeuza. Akavaa glavu, akavaa buti za kupita vifundo vya miguu. Kisha akajiona kwenye kioo cha ukutani, na kicheko kikakatika. Mtu fulani mahali fulani alikuwa amekaa akafikiria ni wapi Edinah atavunjika, na kila mahali hapo akapaweka mto. Bega. Kiwiko. Uti wa mgongo. Fuvu. Akaona mwili wake wote umekwisha kuanguka tayari, imebaki siku tu.

Dayawanti alikuwa anamwangalia. Akauliza, sauti ameishusha, "Nani alianguka?"

"Kaka yangu."

"Alikuwa amevaa?"

"Ilikuwa kwa kioo cha pikipiki."

Dayawanti hakusema pole, hakusema Mungu anajua. Alishika ule mkanda wa chini ya kidevu akaukaza mpaka Edinah akakohoa. "Hapa," akasema. "Ikiwa haijafika hapa, hujavaa. Umebeba tu."

Kuendesha alifundishwa Kitale na mwanamke mmoja mpole aitwaye Chemutai, katika uwanja wa nyasi. Akajua gea, akajua kona, akapata leseni. Hofu ilikataa kufundishika. Kila asubuhi alikuwa anaikuta imemtangulia kwenye kiti cha pikipiki. Lakini alijifunza kupanda nayo hivyo hivyo, na Chemutai akamwambia inatosha.

Alipoweza, akaipeleka nyumbani Sirisia siku ya Jumapili, polepole kama maandamano ya mazishi, wenye baiskeli wanampita na kumpungia mkono. Mama yake aliusikia mlio kutoka mbali na hakutoka nje. Alikaa jikoni mpaka injini ikazimika, ndipo akatokeza kichwa.

"Umefika?"

"Nimefika, mayi." Huko kwetu mama ni mayi.

"Mzima?"

"Mzima."

Mama akarudi jikoni. Hakuitazama pikipiki jioni nzima. Makokha alikuwa kwenye baraza, akaitazama yeye, akatabasamu.

Asubuhi ya Jumatatu Edinah alikuwa anatakiwa Kwanza. Alipotoka amevaa koti lake alimkuta mama amesimama kando ya pikipiki na chupa ya mafuta ya maombi mkononi, ile chupa kubwa ya kanisani kwao. Macho yake yalikuwa mekundu, maana hakuwa amelala.

"Mayi, nimechelewa. Tuombe tu na mdomo."

"Ya Makokha hatukuiombea," mama akasema.

Tangu ile siku ya Misikhu, watu wawili katika nyumba ile walikuwa na sababu mbili. Edinah aliamini ni ile helmeti kwenye kioo. Mama aliamini ni yale maombi ambayo hayakufanywa, kwa sababu Makokha aliinunua pikipiki yake akaenda nayo kazini siku hiyo hiyo, na yeye mama akasema tutaiombea Jumapili, na Jumapili zikapita. Hawakuwahi kubishana juu yake. Wangebishana vipi?

Edinah akafunga macho, helmeti mkononi. Mama akaanza. Aliomba kwa sauti ya juu, Kibukusu na Kiswahili vimechanganyika, akizunguka, na mafuta yakawa yanasikika yakitoka chupani. Akamwomba Mungu ailinde mikono itakayoshika usukani. Akamwomba alinde kiti na atakayekikalia. Sauti ikashuka chini, mama ameinama. "Na haya magurudumu, Bwana, yapake wewe mwenyewe! Yasimame pale unaposema yasimame!" Edinah akasema amina kwa moyo wote. Alipofungua macho pikipiki ilikuwa inameta yote, na mama anahema, chupa imebaki nusu.

Edinah akachukua kitambaa, akafuta usukani ili mikono isiteleze, akafuta kiti. Alifuta pale alipokuwa anagusa yeye. Chini hakuangalia. Akavaa helmeti, akaukaza mkanda mpaka pale pa kukohoa, akawasha. Mama akarudi nyuma hatua kadhaa, akaikumbatia chupa kifuani.

Kutoka kwao kwenda barabarani kuna mteremko wa murram, njia ya changarawe isiyo na lami, unaoishia kwenye daraja dogo la kijito, na darajani pale bodaboda huwa wanangoja wateja. Edinah aliuanza mteremko kwa upole. Katikati, pikipiki ikaanza kuchangamka kidogo, naye akabana breki ya mbele jinsi alivyofundishwa, taratibu.

Pikipiki haikupunguza kitu.

Akabana zaidi. Mkono wa breki ukaenda wote, na tairi likaendelea kuzunguka kana kwamba hajaligusa mtu. Akabana kwa nguvu zake zote, hakuna. Daraja lilikuwa linakuja. Aliona wanaume pale chini wakiinuka kwenye viti vyao, akaona midomo yao imefunguka, na wazo lililompitia halikuwa la daraja. Lilikuwa kiti cha pili kwenye baraza. Mungu wangu, mama. Akakanyaga breki ya nyuma kwa mguu mzima, tairi la nyuma likakamata, likateleza kwenye changarawe, pikipiki ikageuka ubavu na kumtupa. Bega likapiga chini, kiwiko kikapiga, kisha kichwa kikapiga ukuta wa daraja, ko!, na kikaukwaruza kuelekea chini mpaka mwisho.

Alikuwa anaona vumbi kupitia kioo kilichopasuka. Aliogopa kujigusa na akaogopa hata kufikiri, kwa sababu je, akifikiri na akute hakuna kitu? Kisha akajiuliza mwenyewe, kwa kunong'ona, ndani ya giza la helmeti. Unaitwa nani?

Watu walikuwa wamefika, mikono inamvuta huku na huku, mmoja anataka kumvua helmeti. "Msiniguse!" akapiga kelele. "Ngojeni! Mniwache kwanza!" Wakaacha. Wa mbele yao alikuwa Wabwile, aliyekuwa anaegesha pamoja na Makokha siku zile. Uso wake ulikuwa umekuwa kijivu.

Hapo ndipo mama akatokea juu ya mteremko, mbio, hana viatu, chupa bado mkononi. Aliliona koti la bintiye chini darajani na akasimama. Hakuweza kukaribia. Akakaa katikati ya njia, pale pale kwenye changarawe, na sauti yake ikaja kutoka juu, nyembamba, watu hawakuitambua.

"Muulizeni anaitwa nani!"

Wabwile akageuka. "Mama, si ni Edinah huyu?"

"Najua ni Edinah! Muulizeni yeye! Muulizeni!"

Wabwile akaelewa, maana alikuwepo hospitalini ile siku. Akapiga magoti. Ikawa hawezi kulitoa lile swali. Edinah hakumngoja. Akainua kile kioo kilichopasuka kwa mkono wa glavu, akavuta pumzi.

"Edinah Nakhungu!" akapaza sauti. "Mtoto wa Rosaline! Dada ya Makokha!"

"Tena!" mama akalia kutoka juu.

"Edinah Nakhungu, mayi! Niko! Niko mzima!"

Mama akaweka uso magotini akalia kwa sauti, na wale wanaume wa bodaboda, watu wazima na ndevu zao, wakaangalia kijito.

Kiwiko kilikuwa kinauma, lakini kilikuwa kinakunjika. Wabwile akamwinua, akamkalisha ukutani. Kisha, kama bodaboda yeyote, akaiendea pikipiki kutafuta kosa. Akapitisha kidole kwenye ile sahani ya mbele, akakitazama, akakinusa.

"Ai! Nani ameweka mafuta kwa diski?"

Mama alikuwa ameshashuka, amesimama hatua chache kutoka kwao. Akakitazama kidole cha Wabwile kinavyometa. Akaitazama chupa. Edinah aliona akili ya mama inavyokwenda kutoka kidole mpaka chupa na kurudi, na nawaambieni, aliogopa kuliko alivyoogopa mteremkoni, kwa sababu huko kulikuwa na helmeti, na kwa hili hakuna mtu anayeuza kitu cha kuvaa.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilimwaga huko. Nilisema magurudumu." Akaiweka chupa chini. "Edinah, ni mimi."

Edinah alitaka kusema si wewe. Lakini angesema hivyo, chupa ingerudi kesho. "Ni mafuta, mayi," akasema. "Hapo hayatakiwi. Mbogo aliniambia na sikusikia. Kuja unifungue huu mkanda, mikono yangu inakataa."

Mama akaja. Vidole vyake vilikuwa bado na mafuta na kifungo kikamteleza mara nyingi, na kila mara alipokosa aliuliza kwa sauti ya chini, "Unaitwa nani?" na kila mara Edinah akamjibu.

Nyumbani, mama akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Akapanda kigoda, akaiteremsha ile helmeti nyekundu kutoka kwenye msumari. Akakaa kando ya Makokha barazani na helmeti mbili mapajani. Ya Edinah ilikuwa imechimbwa kutoka juu ya paji mpaka kwenye sikio, ufa mrefu unaoweza kuingiza ukucha. Akapitisha kidole kwenye ule ufa mpaka mwisho. Kisha akapitisha kidole mahali hapo hapo kwenye ile nyekundu, polepole, kwenye rangi laini isiyo na kitu.

"Hii ndiyo ingekwaruzwa," akasema.

Makokha alitabasamu, na mama akamfuta mdomo kwa pindo la leso yake.

Helmeti nyingine Edinah aliifuata kwa Dayawanti, na safari hii mama alienda naye, akaukaza mkanda mwenyewe mbele ya Vijay na mama yake, mpaka Edinah akakohoa. Fundi aliisafisha ile breki akaweka vibano vipya. Pikipiki ya buluu bado inaenda Kwanza. Na Edinah bado anaogopa, msije mkasema nimewaambia amepona. Kila mteremko anabana breki mapema, kabla hajahitaji, ili ajue ipo.

Akilala Sirisia, asubuhi mama anatoka na chupa yake kama kawaida. Siku hizi haikaribii pikipiki. Anamwekea Edinah tone moja kwenye paji la uso, anamvisha helmeti juu yake, anafunga mkanda, halafu anainama amtazame machoni kupitia kioo.

"Unaitwa nani?"

"Edinah Nakhungu."

"Haya," mama anasema. "Enda."